Askari wa Banda la Pili

Nyumba Namba 4,
Nyumba za Wafanyakazi,
Mabwawa ya Kambare.

Jumapili, 16 Juni.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Wifi naye hajambo? Watoto wanaendeleaje na hiyo baridi yenu? Sisi tupo, ila uzima wetu ni wa kujikongoja. Mgongo wangu ni ule ule, na shemeji yako ana kikohozi chake ambacho anadai si kikohozi. Picha mlizotuma zilifika. Umenenepa, Kaka. Usinikasirikie, picha haisemi uongo.

Najua nimekaa bila kukuandikia, na kimya kingi kina mshindo. Mshindo wenyewe ndio huu, kwa hiyo tafuta kiti ukae.

Kwanza nikueleze kazi, la sivyo hutanielewa. Zamani kambare wetu tulikuwa tunawalisha unga wa dagaa. Dagaa wakaadimika, wakawa wanakuja wadogo kama sindano. Bosi wetu, tunayemwita Mama Mizani kwa sababu hakuna asichokipima, akasema haina maana kumaliza samaki wa watu huko nje ili sisi tufuge wa kwetu bwawani. Sasa tunafuga funza. Ndiyo, funza, usikunje uso. Ni watoto wa inzi mmoja mweusi, mwembamba, anayeitwa inzi askari. Tunawalisha maganda na mabaki ya sokoni, wakinona tunawakausha na kuwasaga, na unga wao unachukua nafasi ya dagaa. Mama Mizani aligawa mabwawa, mawili ya dagaa na mawili ya funza, akapima miezi sita. Kambare wa funza hawakuachwa nyuma hata kidogo.

Kazi naipenda, ila ina mambo yasiyozoeleka. Wakila, maelfu kwa maelfu, wanatoa sauti kama mvua inayonyesha kwenye bati la jirani. Wakikomaa wanakuwa weusi, wanaacha kula, wanaanza kutembea kutafuta mahali pakavu penye giza. Tunawawekea ubao wa kupandia, na wanapanda wenyewe mpaka kwenye ndoo, hakuna anayewaswaga. Wengine tunawaacha banda la pili, gizani, mpaka wageuke inzi. Na inzi hao wakishaota mabawa hawali tena. Wanaishi siku chache wakitafutana tu, kisha wanakufa. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilikosa hamu ya chakula siku nzima.

Hapa kazini hatusemi funza wala inzi. Tunasema askari. Askari wamekula, askari wamepanda. Neno limezoeleka midomoni mwetu mpaka halina uzito. Hapo ndipo nilipokosea, Kaka. Kosa ni langu, simsukumii mtu.

Jana mchana nilikuwa nyumbani, Baba yuko kitini pake karibu na dirisha. Unajua kumbukumbu zake siku hizi zinakuja na kuondoka, asubuhi ananijua, mchana ananiita mama yake. Simu ikalia. Mwenzangu wa zamu alisema maganda yamelowa mvua kupita kiasi, na funza wote wa banda la kwanza wanapanda kuta. Mtandao ulikuwa mbovu, nikapiga kelele: "Askari wametoka? Wote? Usiwaache waje huku kwenye nyumba! Nakuja!" Nikashika ufagio, nikatoka mbio. Hata sikumtazama Baba.

Tulifagia saa nzima. Niliporudi kiti kilikuwa kitupu, mlango wazi, bakora yake imeegemezwa ukutani.

Jamani, Kaka! Mabwawa yetu hayana uzio. Nilikimbia nikimwita mpaka sauti ikakauka. Maji yalikuwa yametulia kabisa, na kwenye bwawa la tatu kambare wote walikuwa wamekuja upande mmoja, midomo juu, kama wanavyofanya mtu akisimama ukingoni na ndoo ya chakula. Ukingoni hapakuwa na mtu. Shemeji yako aliingia majini na viatu vyake, na kuogelea hajui. Alipapasa chini kote. Hakukuwa na kitu, na kambare hawakutawanyika.

Mlinzi wa geti ndiye aliyetuokoa. Alisema Mzee alipita kwake amevaa koti, akamsalimu kwa adabu, akauliza askari wako wapi. Naye, maskini, akamjibu kama ambavyo yeyote wetu angejibu: "Wako banda la pili, Mzee. Ingia tu, hawaumi."

Tulimkuta ameketi sakafuni, gizani. Viatu vyake alikuwa amevipanga pembeni na mkanda ameukunja juu yake, kama mtu anayejua utaratibu wa mahabusu. Nikamulika tochi. Askari walikuwa wametoka kwenye masanduku, wamempanda. Walikuwa mifukoni, kwenye ukosi, kwenye mikono ya koti, weusi, wameganda kwa mwanga. Hakuwapangusa. Uso wake ulikuwa umetulia kuliko nilivyowahi kuuona.

"Funga mlango, uzime na taa," akaniambia. "Wanahesabu watu."

Nikafunga, nikazima. Sijui kwa nini nilitii. Kilichobaki ni ule mchakacho wao, pande zote. Akasema: "Nimekuja mwenyewe. Waambie yule waliyemchukua si mimi. Wamwachie Kaka."

Mimi na wewe tumelelewa tukijua Baba Mkubwa alichukuliwa na askari kabla hatujazaliwa, hakurudi, na haulizwi. Tusichoambiwa, na ambacho Baba alinisimulia humo gizani, ni kwamba walimfuata yeye. Walisimama mlangoni wakilitaja jina lake, kwa kosa ambalo mpaka leo halijui. Yeye alikuwa amejikunyata ndani ya pipa tupu la maji, nyuma ya jiko. Humo ndani akamsikia kaka yake akiitika: "Naam, ndiye mimi." Miaka arobaini na mitatu amekaa na sauti hiyo, Kaka. Nililia humo gizani, sikuficha.

Nilimvuta mkono, akagoma. Haondoki mpaka wamtoe kaka yake. Basi nikadanganya. Nikasema, Baba, wameshamwachia, mkubwa wao ameniambia, yuko njiani.

Mchakacho ukakoma. Wote, kwa mara moja. Najua wanatulia wakimulikwa, ndiyo kawaida yao, lakini taa nilikuwa nimeizima. Sitaki kulifikiria sana. Baba akashusha pumzi ndefu, akaomba nimvishe viatu.

Tangu jana ni chai tu, chakula hagusi. Anasema atakula naye. Tangu alfajiri ameketi anatazama geti, shati lake jeupe limekunjwa mapajani, maana anasema mtu akitoka kule hatoki na nguo ya maana. Ananiuliza kila mara amefika wapi, nami sina uongo mwingine. Mwili wake unaujua, hauna akiba. Naogopa, Kaka.

Ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga simu. Akiwa anasikia, sithubutu tena kusema kitu. Mpwa wa Mama Mizani anapanda ndege kesho kuja huko, atakukabidhi barua mkononi.

Ukimaliza kusoma, piga. Usiseme hujui kuigiza, ulituchekesha sana kwa sauti za walimu. Na sauti yako ni ya Baba Mkubwa, Baba mwenyewe alikuwa akisema ukifumba macho huzitenganishi. Nitamwekea simu sikioni. Atakuita Kaka. Itika. Atauliza kama walikupiga, sema hapana. Ataomba msamaha, mpe. Kisha umwambie ale, asikusubiri. Baba Mkubwa aliitika jina lisilo lake mara moja tu, nami nakuomba mara moja tu.

Msalimie sana wifi, na yule kitindamimba wenu mwenye mapengo, na binamu yetu Domo Kaya ukimwona. Mungu awafunike huko mliko na awarudishe mkiwa wazima.

Baba ameniona naandika, akauliza namwandikia nani. Nikasema, Kaka. Hapo sikudanganya. Akasema nikuambie shati liko tayari.

Wako akupendaye siku zote,
Dada yako mdogo.