Miti Inayokufa Kila Nikichora

Jumatatu, 3 Machi
Sauti ile haijaniacha. Nilimpigia Kipara, mkata mbao wetu, kumuuliza kama amepata mti mwingine mkavu. Nyuma ya maneno yake — chrraaa! Ndefu, yenye majimaji, kama shuka mpya inayochanwa. Nini hicho? nikauliza. Ah, dada, turubai tu, akasema.
Turubai halilii hivyo.
Lakini panda, pale shina linapogawanyika matawi mawili, amepata. Ya tatu tangu mwezi uliopita! Mimi huchora kiti kwa kufuata panda ya mti: matawi mawili yanakuwa mgongo, shina linakuwa mguu. Nampa Kipara kiolezo cha kadibodi, alinganishe na miti iliyokwisha kufa. Mti hai hatukati. Ndiyo sheria yangu, na ndiyo Shangazi anayoitangaza mlangoni mwa karakana yake. Mwaka jana tulingoja miezi kwa kiti kimoja. Siku hizi kila nikichora, mti unakufa.
Shangazi kacheka. "Una mkono wa bahati, mwanangu."

Jumatano, 5 Machi
Panda imeletwa. Nimeipiga randa kidogo. Inafuata kiolezo changu kama kivuli. Hata ule mkunjo wa kushoto, niliouchora vibaya nikaona uvivu kuufuta — upo!


Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda msituni mwenyewe. Sikumuaga Shangazi.
Kadibodi yangu. Mwandiko wangu. Imepigiliwa misumari kwenye mti wenye majani! Mabichi, mengi, na ndege ndani yake. Chini, usawa wa kiuno, gome limevuliwa mzunguko mzima. Peupe kama mfupa. Nikageuka: na ule pale. Na ule. Wa mbali zaidi ulikuwa umeshapukutika.
Kipara alinilaki kwa furaha, kama mwenye shamba. Akauendea mti mwingine, akachomeka panga chini ya gome, akavuta.
Chrraaa!
Nilipiga kelele. Akashangaa — akashangaa kweli, na hilo ndilo linaloniumiza. Si wewe, dada, uliyesema tusikate mti hai? Hatujakata hata mmoja. Tunauvua mkanda wa gome tu, unajifia wenyewe, taratibu. "Sisi ni watu wa mazishi," akasema, na kucheka.
Alidhani najua. Alidhani ndivyo nilivyotaka!
Nimeing'oa kadibodi yangu na misumari yake, nimerudi na gome lile mkononi. Nimelifunga kwenye kitambaa chenye maji. Sijui kwa nini. Kama mtu anayemfunga mgonjwa.

Jumamosi, 8 Machi
Shangazi alijua. Hakukana hata kidogo. Aliendelea kupaka nta kile kiti chenye mkunjo, mgongo kwanza, halafu mikono, vile alivyonifundisha mimi nilipohamia kwake baada ya Mama kufariki.
Miti haifi kwa kufuata michoro yako, akasema. Ulifikiri viti vinatoka wapi?
Nikamwambia huko ni kuua. Akanitazama. "Mtaka cha mvunguni huinama, mwanangu. Wewe hukuinama. Nimeinama mimi kwa niaba yako."
Kesho ni maonyesho. Watu wa hoteli wanataka viti vya ukumbi mzima. Nyamaza mpaka waondoke, akasema, halafu tutaongea kama mtu na mwanawe.
Nikasema sawa.
Nikasema sawa! Ulimi huu!

Jumapili, 9 Machi
Naandika nimesimama, nyuma ya pazia la ukumbi. 
Shangazi kapendeza. Anawazungusha watu wa hoteli kiti kwa kiti. Kila mti, anawaambia, ulijifia wenyewe kwa uzee. Wanapapasa mbao. Mmoja kasema anahisi amani. Amani!
Sasa wanakiendea cha mwisho, kile chenye mkunjo. Gome nimeshaliweka juu yake, wazi, pamoja na kadibodi yangu na misumari yake. Bado linatoa utomvu.
Sauti ya Shangazi imekatika katikati ya neno.