Mama Mkwe Mlangoni

Manyatta, Kisumu

Mdogo wangu Aoko,

Nakusalimu wewe na mbuzi wangu, ingawa najua unawachunga vibaya. Goti lako limepona? Mimi macho yameanza kuona tangu daktari wa hapa ayashike. Lakini mbona huandiki? Mkono umekatika?

Bado niko kwa kijana wetu Ouma. Sasa sikia. Binti yangu Akinyi, yule nesi, ana klabu na wanawake wenzake wa kazi: walimu, makarani, hata binti yako Atieno wa posta. Nikawauliza, "Klabu ya nini? Hamlimi, hamwombi!" Matroni mmoja mwenye mvi akanijibu, "Mama, tulipoanza, hoteli ilikataa kutuuzia chai kwa sababu hatukuja na mabwana. Tukakaa nyuma ya chumba cha dobi, hospitalini, na thamosi yetu. Nesi akifukuzwa kwa kupata mimba, ni sisi tuliokwenda kuwauliza wakubwa." Nikafikiri: Hiyo si ndiyo saga yetu ya kulima, leo kwangu kesho kwako?

Lakini klabu ilikuwa inakufa. Mabwana walikuja mmoja mmoja kutoa wake zao kama ng'ombe walioingia shamba la watu. Atieno wako alitolewa hivyo, analia mpaka leo. Jumamosi waliobaki walikutana kwa nyumba ya mwalimu, wamchague Akinyi chealedi, mkubwa wao. Akitolewa na yeye, kwisha. Akaniambia, "Mama, bwana yangu Odhiambo amesema anakuja kunitoa." Nikasema, "Nipe kiti." Nikakaa mlangoni.

Wewe unajua, kwa mila yetu mkwe hawezi kumpita karibu mama ya bibi yake. Odhiambo akafika na hasira, akaniona, akaruka nyuma ya ua kama amekanyaga nyoka.

"Mama! Kumbe uko?"

"Niko, baba. Ingia."

"Hapana, Mama. Napita tu."

Hakupita. Mvua ikaanza. Nikamhurumia, si mtu mbaya, ni wenzake wa kazini humcheka ati anatawaliwa na bibi. Nikamtuma matroni ampelekee chai, akainywa amenipa mgongo, kwa heshima. Ndani wakapiga makofi.

"Nini hiyo, Mama?"

"Bibi yako ni chealedi."

Akamaliza chai. Halafu akasema, "Basi mwambie nitamngoja. Mvua ni kubwa, asitembee peke yake."

Nisalimie mke mwenzangu, aache kuuza kuku wangu, na mzee wa kanisa letu hapo Luanda Kotieno.

Wewe panda gari Ijumaa, uje umkalie mlangoni mkwe wako. Beba kiti chako. Hapa viti ni vichache.

Dada yako mkubwa,
Mama Akinyi