Kibuyu cha Maitu

Jumatatu, 6 Oktoba
Kuchuma kahawa tangu asubuhi. Vidole vimekufa ganzi. Jioni darasa la ubatizo, na kati ya wanafunzi wangu yuko baba yangu mzazi! Miaka yote alikataa. Tangu tumzike mama ameng'ang'ana: anataka jina la kanisa ili wasitenganishwe huko mbele. Na katekista ni mimi. Nina furaha hadi naona haya.

Alhamisi, 9 Oktoba
Baba bado anamwaga. Ukimpa uji anautia kwenye kibuyu cha marehemu mama yake, anageukia mlima, anadondosha kidogo chini. "Maitu, onja," anamwambia mama yake. Ndipo anywe. Ubatizo ni wiki ijayo! Nimemwambia achague, kibuyu au maji ya Mungu.
Ati, "Kwani Mungu wenu anamwonea mama yangu wivu?"
Nimekasirika sana. Jumuiya nzima itanicheka.

Ijumaa
Baba amenipa kibuyu mwenyewe. Nimekitia motoni chini ya sufuria ya githeri. Kilipasuka kwa kelele. Nimeshinda.

Jumapili, 19 Oktoba
Baba ni Yosefu. Amebatizwa na padre wetu mgeni, Mmeksiko. Akina mama walipiga ngemi, vigelegele vya kwetu. Baba alilia, nami nikalia. Siku njema.

Alhamisi, 23 Oktoba
Padre alikuja kunywa chai. Nyanya yake alikuwa Mnahua, kabila la wenyeji wa kule kwao. Anasema mapadre wa kwanza walivunja na kuchoma vyombo vya ibada vya watu wale. Watu wakabatizwa, lakini hawakuacha wafu wao. Mpaka leo kila Novemba wanawaandalia meza, chakula, maua ya manjano, na padre anabariki. Anabariki!
Akamuuliza baba, nyinyi huwakumbuka vipi?
Baba akanitazama. "Muulize katekista."
Nikainuka kumwongezea padre chai. Padre anataka Jumapili ya marehemu kila mtu alete picha au kitu cha mtu wake.

Ijumaa
Nimekwenda kufukua jivu. Upumbavu mtupu. Lilishamwagwa kwenye bustani ya sukuma wiki.
Nani alinifanya askofu? Padre mwenyewe hakuniagiza nikataze kibuyu. Wale mapadre wa zamani walikuwa wageni, hawakujua wanachoma nini. Mimi nilijua. Nilinyweshwa uji kwa kibuyu hicho. Baba alitaka tu kuwa na mke wake, na mimi nikamtoza mama yake.

Jumanne, 28 Oktoba
Nimenunua kibuyu kingine Karatina. Kizuri, kimesuguliwa. Baba akakigeuza mkononi, akasema asante, akakitia mbegu za maharagwe. Aki ningemsikia akinitukana ningepona.

Jumapili, 2 Novemba
Meza mbele ya altare ilijaa. Picha, kofia, fimbo, miwani ya mtu. Baba aliweka picha ya mama. Cucu, mama yake baba, hakuwahi kupigwa picha. Baba akasimama pale kidogo, mikono mitupu, akarudi kukaa. Padre akabariki vyote.
Nyumbani nikampa uji kwenye kikombe cha plastiki. Mlima ulikuwa wazi. Nikamwambia, baba, mmwagie Maitu kidogo.
Akasema bila hasira, "Hiki hakimjui."
Akanywa wote. Nimeosha kikombe. Kesho tunachuma upande wa chini.