Atakayemshika Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Nimeharibu kiti cha mteja. Nilikuwa nang'oa misumari ya kitambaa cha zamani, nikang'oa na mbao zake! Sababu naijua. Asubuhi mchungaji kanipigia simu: shemeji ameokoka. Shemeji huyu huyu, aliyempiga dada yangu mpaka sikio la kushoto likafa. Kalia kwenye maombi, kapiga magoti, watu wakashangilia. Atabatizwa tarehe kumi na sita.

Haya, abatizwe. Maji ni mengi. Mimi yananihusu nini?

Yananihusu. Eti kanichagua mimi nimshike.

Jumanne, 4 Machi

Hasira haijashuka. Niandike nipumue.

Kanisa letu lina desturi ambayo sijaikuta kwingine. Anayebatizwa hashikwi na mchungaji peke yake. Mkono wa pili unashikwa na mtu ambaye huyo anayebatizwa aliwahi kumkosea. Mchungaji anamuuliza mtu huyo mbele ya wote: unampokea? Akikubali, wanamzamisha pamoja. Asipopatikana wa kushika, hakuna ubatizo. Mimi nilishikwa na jirani niliyemtukana kwa ajili ya kuku wake. Wengi wetu huchagua vikosa vya namna hiyo, vya kuku na umbea. Nilikuwa naipenda sana desturi hii. Si mimi ndiye mwalimu wa darasa la ubatizo? Si mimi ninayewaambia kila mwaka kwamba wokovu ni bure, ni wa kila mtu? Nayasema vizuri kweli, mpaka watu wanatokwa machozi.

Nimemwambia mchungaji kwamba aliyekosewa ni dada, basi dada aombwe. Akanijibu kwa upole wake ule unaonikera: dada hajabatizwa, na asiyebatizwa haingii kwenye kisima cha ubatizo kumshika mtu. Wewe ni damu yake, mwalimu, simama badala yake.

Badala yake! Na vipigo nilipokea badala yake?

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji kaja karakana. Amekonda, shati linamning'inia. Alisimama mlangoni mpaka nilipomwambia apite. Sikumkaribisha kukaa, na humu nimejaza viti tu.

Akasema hastahili. Nikamwambia hapo tunakubaliana. Akayataja yote, moja moja, mkono aliomvunja, sikio, na mengine ambayo dada hajawahi kuniambia. Nilikuwa nasubiri adanganye kidogo nimbane. Hakudanganya. Hilo ndilo limeniudhi kupita yote! Mtu mbaya akibaki mbaya unajua pa kumweka. Nikamuuliza mbona hakwenda kwa dada mwenyewe. Mchungaji kamkataza, eti asimsumbue.

Halafu akaniuliza taratibu:

"Shemeji, wewe ndiye unayefundisha. Mtu kama mimi anaokoka, au haokoki?"

Nikamwambia aende, nina kazi.

Jibu ninalo. Anaokoka. Nimelifundisha mara ngapi — mnyang'anyi msalabani, vibarua walioitwa jioni wakalipwa sawa na wa asubuhi. Darasa huwa linatabasamu, nami natabasamu. Mkuki kwa nguruwe! Leo kibarua wa asubuhi ni mimi, jua limenichoma mgongo mchana kutwa, na nasema wazi kwamba inauma.

Jumapili, 9 Machi

Nimegombana na mchungaji ofisini kwake. Sijuti.

Dada naye alikuwa darasa la ubatizo, zamani, kabla yangu. Alibakiza somo moja. Akaenda kwa wazee wa kanisa jicho limemvimba, nao wakamwambia arudi kwa mumewe, avumilie, aombe. Akarudi. Wiki hiyo hiyo sikio likaenda. Hakukanyaga tena kanisani, na nani angemlaumu? Sasa wazee wale wale, kwa mdomo wa mchungaji, wananiambia hajabatizwa! Wao ndio waliomrudisha! Mpigaji kafunguliwa mlango mpaka mwisho, mpigwaji akae nje. Nikayasema haya yote kwa sauti, nadhani hata kwaya walinisikia.

Mchungaji akasema neema haina mizani. Nikamwambia basi waache kupima. Mkewe akanisogezea chai, sikuigusa.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwambia dada. Tunaishi nyumba moja tangu amkimbie mumewe, ningemficha mpaka lini? Alikuwa anakata sponji. Yeye ndiye mkataji wangu, mimi nikikata inatoka kama imetafunwa na panya. Hakusimamisha kisu. Akauliza nimejibu nini. Nikasema bado. Akauliza kama shemeji analia kweli, au ni kile kilio chake cha zamani, cha baada ya kupiga. Nikasema sijui.

"Mimi ningejua," akasema.

Basi. Akaniomba gundi. Nami mjinga nikampa gundi.

Jumamosi, 15 Machi

Nimempigia mchungaji. Nitamshika.

Sijamsamehe, uongo sitaki. Ila mlango huo si mimi niliyeufungua, na nimejaribu kuufunga wiki mbili, sina nguvu hizo. Nina hasira na shemeji. Nina hasira na wazee. Nina hasira na Mungu pia, Naye anajua, tumeshaambiana. Dada kanifulia kanzu nyeupe, kaikunja, kaiweka kitandani kwangu bila neno. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 16 Machi

Naandika kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Kanzu inachuruzika, karatasi inalowa. Haraka haraka.

Tuliingia majini watatu. Shemeji katikati, mchungaji kulia kwake, mimi kushoto. Mchungaji akaniuliza: unampokea? Mdomo ukagoma. Ndipo nikamwona dada anakuja katikati ya mabenchi, na gauni lake la kazi. Akavua viatu. Akashuka ngazi za kisima bila haraka mpaka maji yakamfika kiunoni. Mchungaji akasema mama, hapana, hairuhusiwi. Dada akabandua vidole vyangu kwenye mkono wa shemeji, kimoja kimoja, akaushika yeye.

"Alinikosea mimi," akasema. "Niulize mimi."

Dada alikuwa anamtazama shemeji usoni tu, hapepesi macho.

Na mchungaji hakuuliza! Alitoka majini, akaniamuru nami nitoke, akaenda kujifungia na wazee. Kisimani kawaacha watu wawili na maji ya baridi!

Sasa hivi mzee mmoja kagonga hapa. Wameafikiana jambo moja: dada aulizwe kwanza kama anaamini, mengine yatafuata. Nikamwambia yupo hapo, kamuulizeni. Akatazama suti yake, akasema hakuja na nguo za kubadilisha. Eti niende mimi. Siku ile ya jicho walikuwa na mdomo, leo umekwenda wapi?

Kwaya imeishiwa nyimbo. Dirishani nawaona. Dada anamwambia shemeji kitu, maneno machache, siyasikii. Shemeji anaitikia kwa kichwa, machozi yanamtiririka. Dada hajamwachia mkono. Midomo yake imekuwa ya bluu kwa baridi.

Nakwenda, ila swali lao silibebi. Upande wa kulia wa shemeji, pale aliposimama mchungaji, hauna mtu.