Hita Uliyoing'oa, Baba

Baba,

Shikamoo. Nimeandika hivyo kwa mazoea, halafu nikakaa nikiitazama karatasi kama mtu anayengoja kuitikiwa.

Niko Mikumi, wodi ya watoto. Nimekaa chini, mgongo ukutani, maana kitanda ni cha Hawa na mashine yake. Hawa ni mjukuu wako. Hukumwona. Alizaliwa wiki moja baada ya arobaini yako, hapa hapa hospitalini, mimba ikiwa na miezi saba tu, na jina nimempa la mama yako kama ulivyotaka. Walikaa naye wiki tatu, wakaturuhusu kurudi Masanze kwa sharti moja: joto. Nesi alinishika mkono akasema, "Mama, huyu hana mafuta mwilini. Akipoa, anaacha kunyonya. Akiacha kunyonya, usingoje kesho. Mlete."

Akanionyesha namna ya kumweka kifuani, ngozi kwa ngozi, kitenge juu yake. Nilimweka, Baba. Nimepika naye kifuani, nimefagia naye, nimelala nimekaa. Nimechoka mpaka nasahau leo ni siku gani.

Juzi mvua ilinyesha usiku kucha, na upepo ule wa milimani ukashuka nayo. Kulipopambazuka niliishika miguu yake, ilikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Nikampa ziwa, likamtoka mdomoni. Nikampa tena. Likatoka. Hata kulia hakulia.

Barabara ya kwenda Kilosa maji yalikuwa yameifunika, ikabaki ya Mikumi. Bodaboda walikuwepo, lakini nani apakie kitoto cha kilo mbili kwenye pikipiki kwenye mvua ile? Baba yake Hawa yuko Dodoma kwenye kazi za reli, simu yake haikupatikana. Likabaki gari lako.

Nikueleze kwanza habari za gari lako la umeme. Bado wanaliita pasi. Nikichomeka waya ukutani bado wapo wanaopita uani na kuuliza, "Pasi imepata moto?" wanacheka wenyewe. Baba mdogo alitaka liuzwe tangu hata matanga hayajaondolewa. Mama alikataa, na mimi nikakataa nyuma yake. Wewe ndiye uliyenifundisha kuliendesha, ukiwa umeshika dashibodi kwa mikono miwili na kusema huogopi.

Usiku ule nilikuwa nimelichaji, lakini umeme ulikatika na mvua. Nilipowasha asubuhi kulikuwa na vijiti vinne vya chaji. Nikakumbuka maneno yako: "Vijiti vitano, Mikumi unafika. Vinne, muombe Mungu na usiwashe kitu."

Mama alikimbilia garini na Hawa, akalowa kuanzia kichwani mpaka miguuni kwa sababu mwavuli alimkinga nao mtoto. Tukaondoka. Hatujafika mbali, kioo cha mbele kikajaa ukungu wa pumzi zetu. Sioni barabara. Nikifungua dirisha, ukungu unapungua, upepo unaingia kwa Hawa. Nikifunga, sioni. Nikafungua, nikafunga. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kile kitufe cha hita, nikakibonyeza mara tatu, nne, na hakuna kilichotoka kwenye matundu. Nilikuwa najua hakitatoka. Nilikuwepo ulipoing'oa.

Unaikumbuka siku ile ya Julai tuliyompakia mwalimu mkuu? Aligundua hita, akaipandisha mpaka mwisho, ukamwambia azime, akajibu, "Mzee, niache kidogo, mifupa yangu inafurahi." Mifupa ikafurahi mpaka chaji ikatuishia kule Zombo. Wafugaji wakatusukuma, mmoja wao akauliza kama hii pasi inakula majani. Kesho yake ukafungua boneti na spana zako za karakana ya reli, ukaichomoa hita yote, ukaifunga kwenye nailoni, ukaiweka stoo. Ulijipangusa mikono ukasema, "Hita ni ya Wajapani wenye barafu yao. Sisi jua tunalo la bure." Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, Baba. Huku kwetu nani hajakata hita ya gari lake? Hata magari ya mafuta mafundi wanazikata, wanasema zinasumbua tu.

Sasa nilikuwa na mtoto anayepoa na jua lako la bure halionekani.

Mama alikuwa amefungua blauzi, amemweka Hawa kifuani. Nilikuwa nasikia meno yake yanagongana. Akasema, "Mwanangu, mimi mwenyewe nimeloa. Simpi joto huyu, namnyang'anya."

Nikasimamisha gari. Nikapiga usukani kwa kiganja, nikakutukana. Nalikiri hili kwa sababu sitaki ulisikie kwa mtu mwingine. Nilisema umekufa ukaniachia ujuaji wako. Nilisema ulikuwa unajua nina mimba. Nilisema mengine ambayo mtoto hamwambii mzazi wake, hata aliye kaburini, na niliyasema mbele ya mkeo.

Mama aliniacha nikamaliza. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayemwonyesha mwenzake chumvi ilipo, "Toa hiyo tepu hapo chini ya siti yako."

Tepu niliijua. Siti nazo zilikuwa na swichi za kupasha moto, na zile pia uliziandama. Ya abiria ukaikata waya. Ya dereva ukaibandika tepu nyeusi, ukasema, "Mtu mzima unakaangwa makalio kama chapati?" Basi nikamwambia Mama hiyo nayo imekufa.

"Haijafa," akasema. "Asubuhi zote za baridi baba yako alikuwa wapi?"

Nikamwambia, garini, anasikiliza taarifa ya habari.

"Redio ya gari hili imeshawahi kushika kituo gani?"

Hakuna, Baba. Redio yake ni ya kwao Japani, haijawahi kushika hata kimoja, inakoroma tu. Na miaka yote ile nimekupita pale uani na ndoo kichwani, umefunga vioo, umefumba macho, mimi napunguza sauti ili usikie habari vizuri.

Nikainama nikapapasa. Ile tepu ilikuwa imeisha gundi. Pembe zake zimekunjika, zina vumbi la vidole. Mtu alikuwa anaibandua na kuibandika, anaibandua na kuibandika. Nikabonyeza. Taa nyekundu ndogo ikawaka.

Nikamchukua Hawa kwa Mama. Nikamweka kifuani kwangu, nikamfunga kwa kitenge mara mbili, nikavuta mkanda wa gari ukapita chini yake. Najua si salama, nesi alinifokea kwa hilo, na ana haki. Lakini joto lilikuwa kwenye siti moja tu na siti hiyo ndiyo yenye usukani. Nikaendesha polepole, Mama akifuta kioo kwa kanga yake, anakamua, anafuta tena, na kila tukikutana na shimo ananiambia "taratibu mama, taratibu."

Mwanzoni sikusikia kitu. Halafu kiuno kikaanza kupata joto, halafu mgongo. Pale pale ulipokuwa unaumwa wewe. Ulituambia mgongo umepona. Likapanda mabegani, likaja mbele, na mimi nikawa namwambia Hawa, linakuja, subiri, linakuja. Vijiti vikashuka. Vitatu. Viwili vikakaa muda mrefu sana, nikawa siviangalii. Ile hita yako, kama ungeiacha, ingevila vyote kabla ya Zombo. Hilo nalo nimelifikiria hapa ukutani na sijui niliweke wapi. Ulikosea na hukukosea.

Tulipoiona lami ya Mikumi kilibaki kimoja, kinapepesa. Tulipopinda getini skrini ikaandika maneno yao ya Kijapani, gari likaanza kujivuta kama mzee anayepanda ngazi. Lilizimika mbele ya mlango wa mapokezi, na mlinzi akaniambia, "Dada, hapa si pa kuegesha." Mama alimjibu. Sitaandika alichomjibu.

Nesi yule yule alimpokea. Akaingiza mkono chini ya kitenge, akasema, "Miguu imepoa, ila tumbo lina joto. Mmemwekea nini?"

Leo ni siku ya tatu. Ana mpira puani, kifua chake kinaingia ndani kila akivuta pumzi na mimi navuta naye. Nikimuuliza daktari kama atapona, anasema, "Tuangalie, mama." Kila mara, tuangalie. Usiku wa jana niliogopa mpaka nikaanza kukuomba wewe badala ya Mungu, nikatubu. Leo asubuhi alikamata ziwa. Akavuta mara tano, nimehesabu, akachoka akalala. Sijamwambia mtu isipokuwa Mama, na sasa wewe. Mtu akifurahi mapema naogopa.

Baba, yale niliyosema barabarani nayafuta. Yafute na wewe. Hita nitaitoa stoo na fundi ataifunga tena, kwa ajili ya Hawa, na nitaiwasha pale tu chaji inaporuhusu, kama ulivyonifundisha. Hiyo ni ahadi, na Mama ameisikia. Gari haliuzwi. Hawa akiishi, siku atakayojifunza kuamkia watu, tutakuja wote kaburini na atakuamkia wewe wa kwanza. Asipoishi... sitaimalizia hiyo.

Ile tepu ninayo hapa mfukoni. Siibandiki tena. Asubuhi za baridi nitakaa kwenye siti yako na mwanangu kifuani, nimefunga vioo, na wakiniuliza nafanya nini humo nitawaambia nasikiliza taarifa ya habari.

Lala salama, Baba yangu.

Mwanao, Mama Hawa