Baiskeli ya Mama

Kaka yangu mpendwa,

Huku wote tunapumua, sijui wewe huko. Kamji ketu ni kalekale: barabara moja, maduka mawili matatu, na macho kila dirishani. Ukipiga chafya sokoni, mwenye mashine ya kusaga anakupa pole jioni.

Ajabu ni kwamba mimi wa nyumbani ndiye niliyekuwa wa mwisho kujua. Baiskeli ya mama ilikuwa haiishi kwenda kwa fundi: mara breki, mara mnyororo. Nikaikagua mwenyewe, nzima kabisa! Jana nikamfuata kimyakimya. Nikamkuta kibandani kwa fundi, yule aliyefiwa na mkewe, wanamenya machungwa na kucheka. Tangu tumzike baba, sijamsikia mama akicheka vile.

Njiani nikamuuliza, "Mama, watu watasemaje?"

"Wameshasema mpaka wamechoka. Aliyekufa ni baba yenu, mwanangu. Mimi bado nipo."

Nikamshika mkono, tukarudi.

Fundi anataka kuja kujitambulisha, na mama hataki kumpokea bila wewe. Najua uliapa hutaki kuona mwanamume mwingine nyumbani kwa baba. Njoo, kaka. Hata kama ni kuja kugomba, njoo.

Mdogo wako anayekungoja