Samaki Wenye Majina ya Jumuiya

Jumatatu, 29 Aprili 2024 – Soweto, Mbeya

Shangazi Sekela kapiga simu kutoka Iringa. Kasikia mimi ni daktari wa samaki. Nani kamwambia? Mimi mwenyewe, Pasaka, nikiwa nimeshiba.

Ukweli ni kwamba nina samaki wanne kwenye kitenki kidogo cha kioo pale saluni. Wateja wanawaangalia huku nawanyoa. Lakini wanne hao hawajafa tangu Krismasi, na kuna madaktari wenye koti jeupe hawawezi kusema hivyo.

Anataka tenki kubwa sebuleni kwake Kihesa. Samaki wa rangi wa Ziwa Nyasa, wale mbuna. Kuna mama mmoja Gangilonga analo, na shangazi hakuzaliwa kushindwa na mama wa Gangilonga. Likipendeza, nakaa kwake na ananifungulia saluni mjini. Nikimwaibisha mbele ya jumuiya yake ya kanisa – Rujewa, kwa baba mkubwa Masumbuko, kuamia ndege kwenye mpunga.

Niliwahi kuamia msimu mmoja. Unapiga debe tangu alfajiri, ndege wanakuangalia kama umekuja kuwatumbuiza. Sirudi.

Alhamisi, 9 Mei – Kihesa, Iringa

Baridi ya huku inakusalimia kwa jina.

Tenki limekamilika. Fundi Saulo kalijengea uani, vioo vinene, gundi imekauka vizuri. Vipimo nilitoa mimi, kwa mikono yangu hii. Tukalibeba wanaume sita mpaka mlangoni. Halikupita. Tukaligeuza ubavu. Halikupita. Saulo kaniuliza kwa upole kama mlango niliupima. Nikamwambia mlango si kazi ya daktari wa samaki.

Shangazi hakunigombeza. Katoa simu, kaweka spika. "Kaka Masumbuko, za huko? Ndege bado wapo?" Baba mkubwa kajibu wapo, tena wameongezeka.

Tukang'oa dirisha la sebule. Fremu na nondo zake. Sasa tenki limo ndani, juu ya ukuta mfupi wa matofali ya kuchoma, maana maji yale ukiyaweka juu ya meza ya mbao, meza inatangulia kukaa kabla ya wageni.

Jumamosi, 11 Mei

Nimepanga mawe. Iringa mawe hayatafutwi, ukijikwaa umeshapata. Nimeyajenga mapango mapango, kwa sababu mbuna ni samaki wa miambani, kila dume anataka nyumba yake. Chini nimemwaga vipande vya mawe ya chokaa, maji yakaribie yale ya ziwani. Hita ya kupasha maji ipo. Pampu inanguruma. Ndani ya pampu nimeweka sponji chafu ya kile kitenki changu cha Mbeya. Nimemkuta shangazi ameishika, ndoo ya sabuni iko tayari. Nimepiga kelele mpaka jirani kachungulia. Uchafu ule ndio unaokula sumu ya mavi ya samaki! Bila huo wanakufa wote. Hayo sikusoma shule, shule tuliachana kidato cha pili bila ugomvi.

Kwa hiyo mwezi mzima ni maji peke yake. Jioni jumuiya ya shangazi imesali rozari mbele ya mawe na mapovu. Mama Anjela, jirani yetu, ambaye neno likimkaa mdomoni linamuwasha, kauliza samaki wako wapi. Nikasema bado tunalea maji. Kamgeukia shangazi: "Huyu mtoto wa kaka yako, ameanza lini kuongea hivi?"

Nikaona Rujewa inanikonyeza. Ndipo likanijia wazo – nina akili sana nikiogopa. Nikasema kila mwanajumuiya achangie samaki mmoja, na samaki apewe jina lake. Vigelegele.

Mzee Crispin, katibu wao, mwalimu mstaafu, mgane, kachagua wa bluu mwenye milia myeusi, eti afanane na suti yake. Mama Verediana, anayeongoza sauti ya pili kwaya, mjane ambaye Mungu hakumpa mtoto, kachagua wa rangi ya chungwa. Mama Anjela kasema yoyote, mradi mkubwa.

Jumatano, 5 Juni

Wamefika! Yotamu, mvuvi wangu wa Matema, kawaleta mpaka Mbeya, mimi nimewapakata kwenye basi mpaka Iringa. Baba mmoja kiti cha pili kauliza kilo shilingi ngapi. Nikamwambia hawa ni Wakristo wa Kihesa. Kahama kiti.

Nimewaingiza polepole, mifuko ikielea kwanza mpaka maji yalingane joto. Wakatawanyika kama wanafunzi kengele ikilia. Dakika chache tu, Mzee Crispin – wa bluu, simaanishi mwenyewe – kashika pango kubwa kuliko yote na anamfukuza kila anayepita. Shangazi kasimama mbele ya kioo kashika kiuno. "Sasa yule mama wa Gangilonga aje," kasema.

Jumamosi, 8 Juni

Zamani jumuiya ilizunguka nyumba kwa nyumba. Sasa wamepitisha kwa kura: sala zote kwa Mama Sekela. Kila mtu anataka kujiona.

"Mimi niko wapi?" kauliza Mama Anjela, pua kwenye kioo.

"Uko nyuma ya jiwe, mama. Umefukuzwa na katibu."

Kageuka. "Katibu, nimekukosea nini?"

Na Mzee Crispin, mtu mzima, mstaafu wa serikali, kaomba radhi. Kasogea kwenye kioo, kakigonga kwa kidole kama anagonga ubao. "Crispin. Kaa na wenzako vizuri." Crispin kamng'ata Mama Anjela mkia. Sala imechelewa kuanza.

Jumapili, 16 Juni

Baada ya misa wamepitia kunywa chai. Wakakuta vituko. Yule Crispin wa bluu kanyoosha mapezi yote, anatetemeka mwili mzima, anamzunguka Verediana wa chungwa duara baada ya duara mbele ya pango lake. Verediana naye anazunguka nyuma yake. Wanaangaliana mikia.

"Katibu," kasema Mama Anjela, "kumbe kucheza unajua. Kwenye harusi huwa unakaa tu."

Mzee Crispin kanyoosha kola. "Ana afya tu huyo." Lakini nilimwona, alikuwa anacheka na kikombe. Mama Verediana kaomba sukari, na sukari alikuwa nayo mkononi.

Jumamosi, 22 Juni

Matatizo. Verediana wa majini hali. Wiki nzima hii. Chakula kikishuka anakiangalia anakiacha. Mashavu yamevimba, kidevu kimeshuka, anajificha kwenye kona. Nimejaribu chumvi. Nimejaribu kumsemesha Kinyakyusa. Hakuna.

Juu ya hilo umeme umekatika tangu asubuhi, hita imezimika, na baridi hii ya Juni. Nimelizungushia tenki blanketi mbili za shangazi, nimeweka jiko la mkaa pembeni, dirisha wazi. Mama Anjela kaingia, kaona kitu kirefu kimefunikwa blanketi sebuleni, watu kimya – kapiga magoti na kuanza kulia. Ilibidi nifunue.

Wamemwombea mgonjwa. Mama Verediana mwenyewe kakaa ananiangalia. "Isakwisa mwanangu, na mimi wiki hii chakula hakipandi," kasema. Watu wakasogeleana. Baada ya sala watatu walimletea uji. Yeye, si samaki.

Nikipoteza samaki mwenye jina la mtu, wataniita mchawi kabla hawajaniita tapeli. Shangazi naye kaliwaza hilohilo. Kauliza begi langu liko wapi.

Jumatatu, 24 Juni

Nimempigia Yotamu. Kacheka mpaka salio likaniishia, nikanunua vocha, bado anacheka. Haumwi! Mbuna jike akitaga anayachukua mayai yote mdomoni, anayatunza humohumo, hali kitu mpaka watoto watoke wanaogelea. Wiki tatu hivi. Nisimguse.

Kumbe nimezalisha! Mama wa Gangilonga samaki wake wamezaa? Hawajazaa. Daktari ni mimi. Simwambii mtu mpaka Jumamosi, nataka niwatangazie wote wamekaa.

Jumamosi, 29 Juni

Sijui nianzie wapi.

Sala imeisha, matangazo yameisha, nikasimama. Nilijiandaa, nimevaa hata shati la kola. Nikasema: "Ndugu zangu wapendwa, tuache kulia. Mama Verediana haumwi. Mama Verediana ni mjamzito."

Vikombe vikashushwa mezani.

"Mimba yake iko mdomoni," nikaongeza, nikidhani nasaidia.

Mama Anjela ndiye aliyerudiwa na sauti kwanza. "Na baba?"

Mimi, badala ya kufa, nikanyoosha mkono kwa yule wa bluu. "Si tuliona wote siku ile ya chai."

Watu hawakuangalia tenki. Waliangalia kochi la katibu. Kijana mmoja kapiga makofi mawili kaacha. Mzee Crispin kachukua kofia, kauambia mlango "Tumsifu Yesu Kristo", katoka.

Mama Verediana alibaki amekaa. Mwanamke aliyeulizwa kuhusu mtoto miaka yote ya ndoa yake mpaka mume akafa. Hilo nimelikumbuka baada ya kusema, kama kawaida yangu. Kaniuliza taratibu: "Anawabeba mdomoni?"

"Ndiyo, mama."

"Na hali kitu?"

"Hali mpaka watoke."

Kafunga khanga vizuri, kaondoka. Chai hakugusa.

Jumapili, 30 Juni

Kanisani kwaya imeimba bila yeye. Sauti ya pili ilikuwa inatafuta njia kama mlevi. Mzee Crispin kakaa benchi la mwisho, nyuma ya nguzo. Watoto wa mtaani wanaimba "mimba ya mdomo" wakiruka kamba. Mama Anjela anasema yeye hajamwambia mtu, kawaambia wachache tu.

Shangazi kaongea sasa. Hakupandisha sauti, ndiyo ilinitisha. "Umewavua nguo watu wazima wawili sebuleni kwangu. Jumamosi wasipokaa wote wawili kwenye makochi yangu, Jumapili unapanda basi la Rujewa."

Nikasema mpunga watakuwa wameshavuna. Kasema nitalinda magunia.

Jumatano, 3 Julai

Nimeenda kwa Mama Verediana kuomba radhi. Nilijiandaa kupigwa. Hakufungua geti, kaongea kwa ndani. "Radhi nimesikia. Amekula?" Nikasema bado. "Haya." Nyayo zikaondoka.

Mchana Mzee Crispin kapita, eti anatafuta daftari la mahudhurio alilosahau. Daftari alikuwa amelishika kwapani. Kasimama mbele ya kioo muda mrefu, mikono nyuma, kama anasimamia mtihani.

"Wakitoka wanakaa wapi?"

"Humuhumu, mwalimu. Ila hawadumu. Wakubwa wanawala."

"Nani anawala?"

Nilinyamaza. Kwa mara ya kwanza mwaka huu nilijua kunyamaza. Yeye kamwangalia yule wa bluu mlangoni pa pango lake, wakaangaliana.

"Hata yeye?"

"Yeye wa kwanza, mwalimu."

Kavaa kofia. "Wanahitaji nini?"

"Nyumba yao. Ndogo tu. Na sponji chafu."

Kaenda. Daftari kaliacha juu ya kochi.

Jumamosi, 6 Julai

Naandika nikiwa jikoni, mkono umelowa mpaka kwapa, karatasi inachanika.

Begi nimefunga tangu asubuhi, liko mlangoni. Saa kumi hakuna mtu. Shangazi anapanga vikombe kama anapanga msiba. Mara mlango – Mama Verediana, peke yake, kabla ya wote. Hajasalimia. Kapita moja kwa moja mpaka kwenye kioo, kakaa sakafuni na kitenge chake kizuri.

Na yule wa chungwa, ambaye wiki zote hizi kaninyima hata kunitazama, akatoka kwenye kona. Akafungua mdomo.

Walitoka kama punje za mchele. Punje zenye macho. Mama Verediana anahesabu, anakosea, anaanza upya. Yule wa bluu kachomoza pangoni. "Mshike huyo!" kapiga kelele Mama Verediana, sauti ya kwaya kabisa, na mimi nikazamisha mkono na chujio la chai la shangazi.

"Hodi."

Mzee Crispin mlangoni. Suti. Kakumbatia kitenki kidogo cha kioo, kipya, gundi ya Saulo inaonekana pembeni, uso wake umejaa kwenye kioo upande wa pili. Kimepita mlangoni bila kugusa.

Mama Verediana hakugeuka. "Crispin, umechelewa. Wanatoka."

Si Mzee. Si Katibu. Crispin tu. Shangazi kanishika shati kwa nyuma kanivuta mpaka huku, eti nikachemshe maji. Maji gani, jiko halijawashwa.

Jumuiya imefika getini, nawasikia wanaimba, Mama Anjela anaongoza ingawa si zamu yake. Sebuleni sauti mbili, chini chini. Moja inasema hapana, sponji inakaa huku. Nyingine inasema mwalimu wewe ni mkaidi. Shangazi kasimama kwenye pazia, kaizuia jumuiya nzima kwa mkono mmoja.

Nimemuuliza begi nifungue?

Kafikiri. Hajaondoa jicho kwenye pazia.

"Toa suruali moja kwanza."